Chombo cha Kukodi

Wahenga wa pwani walituachia methali isemayo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aliyewahi kulala jahazini anaijua maana yake bila kuelezwa. Unaweza kutembea mpaka nyuma ya chombo, ukageuka ukaenda mpaka mbele, lakini mwishowe utashuka pale pale chini yanapokusanyika maji. Methali hiyo hunijia kila nisikiapo habari za watu wanaokodi mashua za matanga ili kupumzika katika visiwa vya Bahari ya Mediterania. Kwani chombo cha kukodi ni chombo ambacho marejeo yake yameandikwa kabla hakijang'oa nanga: siku ya kukirudisha, saa ya kukirudisha, na gati la kukirudishia.

Kwetu sisi tuliolelewa karibu na majahazi, jambo lenyewe lina ugeni kidogo. Watu wetu walikwenda baharini kutafuta riziki. Walibeba boriti, chumvi, tende na samaki wa ng'onda. Walikwenda kwa sababu nchi kavu haikuwatosha. Mtu kuingia baharini ili asifanye kazi yoyote, na juu ya hayo atoe fedha zake, ni jambo ambalo babu zetu wangelicheka. Hata hivyo ugeni wa jambo si sababu ya kulidharau. Nilipolifuatilia niliona kwamba hata huko Mediterania desturi hii si ya zamani sana, na kwamba historia yake ina mambo mazito kuliko anasa. Fikira yangu ni hii: kinachokodishwa hasa si mbao wala tanga, bali ni hiari. Mkodi hununua uwezo wa kuondoka apendapo na kurudi apendapo, na maji yale yale anayoyapita yamewapitisha watu wengi ambao hawakuwa na hiari hiyo hata kidogo.

Tuanze na namna jambo linavyofanyika. Aghalabu mashua hukodishwa kwa juma zima, tangu Jumamosi hadi Jumamosi. Mkodi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua chombo kitupu, bila nahodha wala mabaharia, akakiendesha mwenyewe. Akifanya hivyo Ugiriki, atatakiwa aonyeshe cheti cha kuendesha mashua, na awe na mwenzake mmoja ajuaye kazi. Ya pili ni kukodi chombo pamoja na watu wake: nahodha, mpishi na baharia. Anayechukua chombo kitupu huweka amana ya fedha, kisha hukaa na mtu wa kampuni wakakagua vifaa kimoja baada ya kimoja: nanga na mnyororo wake, matanga, majaketi ya kuokolea, redio, hata vijiko na vikombe. Kitakachopotea au kuvunjika hukatwa katika ile amana. Jioni mashua huingia katika bandari ndogo ya kisiwa. Desturi ya kule ni kutupa nanga ya mbele mbali kidogo na gati, kisha kurudi kinyumenyume mpaka shetri ikaribie ukuta. Hapo hufungwa kamba mbili na kuwekwa ubao wa kushukia. Mashua hupangana hivyo ubavu kwa ubavu, na jirani akikosea kutupa nanga yake, mnyororo wake huilalia yako, na asubuhi huwa ni kelele tupu.

Mwenye kuamua safari hasa ni upepo. Katika Bahari ya Aegean, kati ya Ugiriki na Uturuki, miezi ya kiangazi hutawaliwa na upepo wa kaskazini ambao Wagiriki na Waturuki wote huuita meltemi. Hushika nguvu Julai na Agosti, mbingu zikiwa safi bila wingu, na ukikaza huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo na kuwafungia bandarini hata mabaharia hodari. Wagiriki wa kale waliziita pepo hizo kwa jina lenye maana ya "za kila mwaka". Mtu wa pwani yetu hawezi kulisikia jina hilo asikumbuke neno letu msimu, tulilolipata kwa Waarabu pamoja na elimu ya kusafiri kwa kusi na kaskazi. Kufanana huku si kwa maneno tu. Joto kali la bara la Asia wakati wa kiangazi hushusha mgandamizo wa hewa kuanzia India mpaka nchi kavu ya Uturuki. Joto hilo ndilo linaloivuta kusi ivuke Bahari ya Hindi, na ndilo hilo hilo linaloshiriki kuivuta meltemi kutoka upande wa Balkani. Jahazi liliposukumwa na kusi kutoka Zanzibar kwenda Arabuni na India, mashua ya Aegean ilikuwa ikisukumwa na jamaa wa upepo ule ule.

Ili historia isitutawanyikie, na tuchukue mlango mmoja tu wa bahari hiyo: mji wa Bodrum, kusini-magharibi mwa Uturuki, na visiwa vya Kos na Kalymnos vilivyo mbele yake upande wa Ugiriki. Kutoka ncha ya rasi ya Bodrum hadi Kos ni kilomita chache tu, na usiku mtu huziona taa za ng'ambo. Leo hapo ni mojawapo ya mahali panapokodishwa vyombo vingi zaidi katika Mediterania yote. Zamani mji huo uliitwa Halikarnaso, na ndiko alikozaliwa Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki. Ndiko pia lilikosimama kaburi kubwa la mtawala Mausolo, lililohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Kaburi lilipobomoka, mawe yake yalichukuliwa na mashujaa wa Kikristo wa Mtakatifu Yohana waliojenga ngome bandarini kuanzia mwaka 1402. Ngome hiyo ingali imesimama, na ndani yake limo jumba la makumbusho ya vitu vilivyotolewa chini ya bahari.

Katika jumba hilo kuna jambo linalotuhusu. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo, Mehmet Çakır, alieleza kwamba karibu na rasi ya Uluburun, mashariki ya Bodrum, ameona chini ya maji vitu kama biskuti za chuma zenye masikio. Wataalamu walitambua kuwa ni shaba ya kale iliyosubuliwa kwa ajili ya biashara. Tangu 1984 hadi 1994 walizamia wakiongozwa na George Bass na Cemal Pulak, wakaitoa shehena ya jahazi lililozama mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo: shaba yapata tani 10, bati yapata tani 1, vioo, vyungu, dhahabu, pembe ya ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni, na magogo ya mti mweusi. Mti huo ulipochunguzwa ulionekana kuwa ni mpingo, huu huu wanaouchonga Wamakonde na unaotengenezewa zumari za Ulaya. Sisemi kwamba gogo hilo lilikatwa Lindi, maana mpingo huota pia Sudan, Ethiopia na Eritrea, na hapana shaka ulipitia Misri. Nasema tu kwamba zaidi ya miaka 3,300 iliyopita mti wa Afrika ulikuwa tayari umekwisha kusafiri katika maji ambayo leo watu huyakodia mashua ili waogelee. Mabaharia wa jahazi lile hawakuwa likizoni.

Aliyeiona shehena hiyo alikuwa mzamiaji wa sifongo, na hilo si jambo la bahati. Kabla ya watalii, sifongo ndiyo iliyolisha pwani zote mbili. Zamani mtu alizama uchi, ameshika jiwe bapa la kumvuta chini, pumzi yake moja ikiwa ndiyo mtaji wake. Katika miaka ya 1860 liliingia vazi la mpira lenye kofia ya shaba na bomba la hewa. Sasa mtu aliweza kukaa chini sana na kwa muda mrefu, na mapato yakapanda. Lakini hakuna aliyejua bado kwamba hewa inayovutwa kwa mgandamizo mkubwa huingia katika damu, na kwamba mtu akipanda juu kwa haraka hewa hiyo hufanya mapovu mwilini. Maelfu walikufa au walipooza. Mashua za Kalymnos ziliondoka baada ya Pasaka, zikaenda mpaka pwani za Libya na Tunisia, zikarudi wakati wa vuli, na familia zilisubiri gatini kuhesabu nani amerudi kwa miguu yake. Kisiwani humo kuna ngoma iitwayo mihanikos, ambayo kiongozi wa wachezaji huicheza akitetemeka na kuegemea fimbo, akimwiga mzamiaji aliyepooza. Watalii huitazama wakapiga makofi. Wenyeji wanajua wanachokicheza.

Karne ya 20 iliongeza watu wengine waliovuka bila kutaka. Baada ya vita kati ya Ugiriki na Uturuki, mapatano yaliyotiwa sahihi Lausanne mwaka 1923 yalilazimisha watu kubadilishana nchi kwa kufuata dini. Wakristo wa Kiothodoksi wapatao milioni 1.2 wakawa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa walikimbia kabla hata wino haujakauka, na Waislamu wapatao laki nne wakapelekwa Uturuki. Wengine katika hao Waislamu walitoka kisiwa cha Krete, wakaishia Bodrum na miji mingine ya pwani hiyo, wakiwa wanasema Kigiriki kuliko Kituruki. Miongoni mwa watu wa Krete walikuwamo watu weusi, wazao wa watumwa wa dola la Kiothmani. Mustafa Olpak, Mturuki mwenye asili ya Afrika aliyefariki mwaka 2016, alitoa mwaka 2005 kitabu cha habari za ukoo wake, akieleza jinsi wazee wake walivyotekwa Kenya, wakauzwa mpaka Krete, na kutoka hapo wakahamishiwa Ayvalık, katika pwani ya Uturuki. Ukoo mmoja ulisafirishwa baharini mara mbili, na katika safari zote mbili hakuna aliyeulizwa kama anataka kwenda. Nilipoyasoma hayo niliona kwamba hata mtu wa Malindi au Mombasa hawezi kuitazama ramani ya Aegean kama mgeni kabisa.

Sasa tunafika kwa mtu ambaye bila yeye huenda safari za kukodi zisingekuwa kama zilivyo. Cevat Şakir Kabaağaçlı alikuwa mtoto wa jamaa kubwa ya Kiothmani, aliyesoma Oxford. Maisha yake hayakuwa meupe: mwaka 1914 baba yake alikufa kwa risasi yake, akafungwa miaka kadhaa. Baadaye akawa mwandishi na mchoraji wa magazeti Istanbul. Mwaka 1925 aliandika habari za askari watoro walionyongwa, na mahakama ya wakati ule ikaona anachochea jeshi. Alihukumiwa miaka mitatu ya kuhamishwa, akapelekwa chini ya ulinzi mpaka ngome ya Bodrum, mahali palipohesabiwa kuwa ni mwisho wa dunia, pasipo barabara ya maana.

Serikali ilikusudia kumwadhibu kwa upweke. Lakini hakufungiwa ngomeni. Aliruhusiwa kukaa mjini, akapanga nyumba karibu na maji. Akajifunza kuvua na kuendesha mashua, akakaa na wazamiaji wa sifongo, akapanda miti ya matunda na ya vivuli iliyokuwa haijulikani pale. Nusu ya adhabu yake aliamriwa aimalizie Istanbul. Muda ulipokwisha, akiwa huru kwenda popote, alirudi Bodrum kwa miguu yake mwenyewe, akakaa miaka mingi, akajipa jina la uandishi la Mvuvi wa Halikarnaso. Hapa ndipo ninapoona kiini cha habari yote. Mahali ni pale pale na bahari ni ile ile. Mara ya kwanza palikuwa gereza, mara ya pili pakawa kwao. Kilichobadilika ni hiari tu.

Katikati ya miaka ya 1940 alianza kuwachukua rafiki zake waandishi, akiwamo Sabahattin Eyüboğlu, na baadaye Azra Erhat, mfasiri wa tenzi za Homer kwa Kituruki. Walikwea mashua za sifongo zisizo na vyumba wala starehe, wakazunguka ghuba za pwani hiyo kwa majuma. Walilala juu ya sitaha chini ya nyota. Chakula kilikuwa mikate mikavu, jibini na samaki waliowavua, na pombe kidogo. Magazeti na redio havikuruhusiwa. Mchana walizungumza habari za miji ya kale iliyolala chini ya misonobari, na Mvuvi aliwaeleza kwamba urithi huo wa kale si wa Wagiriki wa Ulaya peke yao, bali ni wa watu wote wa nchi ile. Waliziita safari hizo Safari ya Buluu, na Erhat alitoa kitabu chenye jina hilo mwaka 1962. Ilikuwa starehe, lakini starehe ya watu waliojua thamani yake. Mwaka 1971, jeshi lilipoingilia serikali, Eyüboğlu na Erhat walikamatwa na kushtakiwa kwa mambo ya siasa, na mwishowe wakaonekana hawana hatia. Eyüboğlu alifariki mwaka 1973. Mvuvi naye alifariki mwaka huo huo, akazikwa Bodrum.

Yaliyofuata ni biashara. Sifongo za kiwandani zilikuwa zimekwisha kushusha bei ya sifongo za baharini, na mwaka 1986 ugonjwa ukaziua kwa wingi zile zilizobaki. Manahodha wakaona kuwa abiria analipa kuliko sifongo. Mafundi wa Bodrum, waliokuwa wakiunda mashua zenye ncha mbele na nyuma kwa ajili ya wavuvi, wakapanua shetri ili ipatikane nafasi ya meza na magodoro. Mashua hizo, ziitwazo gulet, zikarefuka, zikapata vyumba vyenye choo na bafu, kisha mashine za kupoza hewa. Ng'ambo, visiwani, kampuni zikajaza bandari kwa mashua za faiba za kukodiwa bila nahodha. Kuna kichekesho kimoja katika maendeleo haya: gulet nyingi zina milingoti mizuri na matanga yaliyokunjwa vizuri, lakini husafiri kwa injini juma zima, na tanga hutwekwa saa moja ili watu wapige picha. Nisiwacheke peke yao. Hata kwetu yako majahazi ambayo leo hupandisha tanga machweo tu, kwa ajili ya mgeni aliyelipa.

Ningeweza kuishia hapo, kama si yaliyotokea mwaka 2015. Mwaka huo watu zaidi ya laki nane na nusu, wengi wao wakikimbia vita vya Syria, Afghanistan na Iraq, waliingia Ugiriki kwa njia ya bahari. Wengine walivuka kutoka rasi ya Bodrum kwenda Kos, maji yale yale ya meltemi, katika mitumbwi ya mpira iliyojazwa kupita kiasi, nao waliwalipa wasafirishaji haramu fedha nyingi. Tarehe 2 Septemba mtoto wa miaka miwili, Alan Kurdi, alikufa maji pamoja na mama yake na kaka yake, na mwili wake ulitupwa na mawimbi kwenye ufuko karibu na Bodrum. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Siku hizo hizo palikuwa na feri ya kuvusha mtalii mwenye pasipoti nzuri kwa nauli ndogo na kwa muda usiozidi saa moja. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Lakini uko umaskini wa msafiri ambao si wa mfuko wala wa ugeni. Ni wa kukosa pa kurudi.

Je, basi, anayekodi mashua afanye nini? Sioni haja ya kumtia hatia mtu aliyefanya kazi mwaka mzima akataka juma moja la upepo safi. Mvuvi wa Halikarnaso mwenyewe asingemkataza, angemkaribisha. Lakini ningependa ajue amenunua nini. Chombo si chake, na kila kijiko kimeandikwa. Kilicho chake kwa siku zile saba ni uamuzi. Anaweza kusema leo upepo ni mkali, tulale bandarini. Mzamiaji wa Kalymnos hakuweza kusema hivyo, maana alikuwa amekwisha kula fedha ya bosi wake kabla ya kuondoka. Watu wa 1923 hawakuweza, wala mateka wa Kenya, wala mama wa Alan.

Na hiari hiyo ina wajibu wake, tena wajibu ulioandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari, wa mwaka 1982, unazitaka nchi zimlazimishe kila nahodha kumsaidia mtu aliye hatarini baharini, maadamu hakitii chombo chake na watu wake katika hatari kubwa. Haukusema nahodha wa meli ya mizigo tu. Siku mtu anapotia sahihi mkataba wa kukodi na kushika usukani, amekuwa nahodha, hata kama nyumbani kwao ni karani au mwalimu. Juma lake la mapumziko halimtoi katika sheria ya bahari, ambayo ni ya kale kuliko mikataba yote, na ambayo mabaharia wa pwani yetu waliifuata bila kuisoma: mtu aliye majini hupokelewa kwanza, akapewa maji ya kunywa, ndipo aulizwe ametoka wapi.

Siku ya Jumamosi mashua hurudishwa gatini. Mtu wa kampuni huhesabu vikombe, hutazama nanga, hurudisha amana, na wageni huenda zao. Kesho yake jina jingine huandikwa katika daftari. Bahari haiweki daftari la waliokodi wala la waliolazimishwa. Kazi hiyo imeachiwa sisi tulio hai.